Na Wengine Wote Wanaonifahamu

Kujitoa kwenye kikundi cha salamu ni kazi ngumu kuliko kujiunga. Kujiunga kulitaka kadi, kalamu, stempu na jina la utani. Kujitoa kunataka moyo wa mtu aliyekwisha kuamua kwamba akifa atajizika mwenyewe.

Nieleze kidogo, maana mwanangu wa mwisho anaamini ujanani nilikuwa kwenye genge la wahuni, kwa kuwa marafiki zangu wote nawajua kwa majina ya bandia. Zamani aliyetaka kumjulia hali ndugu wa mbali alikuwa na barua, basi au redio. Barua ilipotea na basi lilitaka nauli. Redio ilitaka betri tu, na betri zikichoka tulizianika juani zikapata nguvu ya kumalizia taarifa ya habari. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na ilipokuja kuitwa Redio Tanzania Dar es Salaam, nchi nzima ilikuwa imezoea kuamkiana hewani. Kulikuwa na kipindi cha Mchana Mwema, kulikuwa na cha Jioni Njema, na walio mahospitalini walikuwa na Ugua Pole yao. Unajaza majina kwenye kadi, unaomba wimbo, unamalizia na ujumbe wa busara ambao wewe mwenyewe huufuati, unaipeleka posta. Kisha unakaa na redio wiki, mwezi, pengine msimu mzima wa mahindi, ukisubiri jina lako. Wenzetu wa Kenya walikuwa na ugonjwa huohuo na KBC yao, na wale waliozidiwa kabisa walituma salamu mpaka Radio China Kimataifa, ambayo imekuwa ikisema Kiswahili tangu 1961, ili wasikike Korogwe kwa kupitia Beijing.

Mwanzo tulisalimia ndugu. Lakini ndugu huisha, na kadi ilikuwa na nafasi nyingi. Nilianza kumsalimia mama mmoja wa Handeni kwa sababu alinisalimia yeye kwanza, na baadaye sana nikaja kujua kwamba alinisalimia kwa kuwa mstari wa mwisho wa kadi yake ulibaki wazi na jina langu alikuwa amelisikia jana yake. Basi nikawa nadaiwa. Nikamrudishia, akawa anadaiwa yeye. Hesabu hiyo mpaka leo haijafungwa, na yeye sasa ana vitukuu.

Jina langu la hewani ni Ukoko wa Pilau. Nililichagua kwa tamaa ya tumbo nikiwa kijana, na sikuwaza kwamba siku moja nitakaa mbele ya shehe, kwenye posa ya binti yangu, halafu mzee wa upande wa pili anikazie macho aseme, “Hii sauti naijua. Wewe si Ukoko?” Mahari ilipungua. Sijui kama ni kwa heshima au kwa huruma.

Shida yangu kubwa ilikuwa mwandiko. Niliwahi kumsalimia mkwe wangu wa Muheza, mama mzazi wa mke wangu, mtu ninayemheshimu kiasi kwamba hata nikiongea naye kwa simu navaa shati kwanza. Nilikuwa nimemwahidi kwenda kumtengenezea paa, kwa hiyo nikaandika asiwe na wasiwasi. Mtangazaji, kwa sauti yake ya asali, akasoma: “Zimfikie mke wangu wa Muheza, aendelee kunisubiri, nitakuja kabla ya masika.” Herufi moja tu imeanguka njiani. Mke wangu wa Korogwe, ambaye ndiye niliye naye pekee, alikuwa jikoni anakuna nazi. Nikasikia mbuzi imenyamaza. Akatokea mlangoni na kifuu mkononi.

“Baba watoto, huyo wa Muheza umezaa naye wangapi?”

“Huyo ni mama yako.”

“Mama yangu umemuoa lini?”

Ilibidi mkwe mwenyewe apande basi kuja kutoa ushahidi. Alitoa, lakini aliomba asiandikwe tena kwenye kadi yoyote, hata ya Idi.

Na mimi nilikuwa na nafuu kuliko wengine. Mwenzetu mmoja, karani wa ofisi fulani, aliomba ruhusa kwamba yu hoi kitandani. Siku ya pili ya ruhusa ikasomwa kadi yake, aliyoituma miezi mingi nyuma akaisahau: yeye ni buheri wa afya, yupo Tanga mjini akila raha na fulani na fulani, na anamsalimia kwa namna ya pekee bosi wake mpendwa. Bosi alikuwa na redio mezani. Alikuwa mtu wa adabu, na barua ya kumtaka karani ajieleze aliimalizia kwa maneno, “Ahsante kwa salamu.”

Ndiyo raha tuliyokuwa nayo. Kisha ikaja sheria ya utangazaji ya 1993, mwaka uliofuata Radio One ikawa hewani, vituo vikaota kila mkoa, na kila kituo kikataka muziki wa vijana. Simu za mkononi zilipoenea miaka ya 2000, kadi ikafa kifo cha kawaida. Kwa nini umsalimie shemeji kwa kupitia taifa zima wakati unaweza kumpigia? Swali zuri. Shemeji ninayo namba yake tangu wakati huo na sijampigia.

Ziara nazo zikapungua. Kikundi chetu cha watuma salamu kilikuwa na desturi ya kutembeleana, tuwaone kwa macho wale tunaowajua kwa sikio. Ndipo tulipogundua kwamba aliyejiita kwa jina la radi ni mtu mdogo, mpole, anayeogopa paka. Enzi hizo tulikodi basi zima na ngoma juu. Tukashuka hadi Coaster, tukashuka hadi Noah. Safari ya karibuni tulienea kwenye bajaji moja, na mmoja wetu akashukia njiani kwa sababu tulikuwa tumefika shambani kwake.

Kipindi chenyewe kimebaki nusu saa ya alfajiri, kabla ya uchambuzi wa mpira, kwenye kituo cha mkoani nisichokitaja kwa kuwa bado tunakihitaji. Siku hizi unapiga simu. Mtangazaji ni kijana mwema anayetuita wazee wangu, ila kwetu sisi ana sentensi moja tu: “Punguza sauti ya redio yako.” Mwenyekiti wetu anasikia kwa sikio moja. Asipopunguza, redio inapiga mluzi. Akipunguza, hajui kama yuko hewani. Basi anaizima kabisa, anaweka simu kwenye sikio lililokufa, na mkoa mzima unamsikia akimuuliza mkewe, “Wamesemaje?” Muda wake ukiisha anakuwa amemsalimia mtu mmoja, naye ni fundi mitambo. Wimbo anaouomba ni wa Mbaraka Mwinshehe kila siku. Mbaraka alifariki 1979 kwa ajali ya gari, lakini kwenye kikundi chetu huwezi kumwita marehemu, maana kwa mahudhurio anatushinda wengi.

Kundi la WhatsApp lilianzishwa ili kutuokoa. Limetuletea picha za maua ya waridi yenye maneno ya asubuhi njema, ambayo hufika saa tano usiku mtu akipata bando. Tatizo ni kwamba simu za wengi wetu ziko mikononi mwa wajukuu. Nilimwamkia yule mama wa Handeni kwa adabu zote, asubuhi baada ya asubuhi, nikipata “Marahaba” safi kabisa, mpaka ikajulikana kwamba anayeitikia ni mtoto wa darasa la tatu. Mama mwenyewe alikuwa hajui simu iko wapi.

Kuna aliyejaribu kutoka. Ni mtu wa busara, aliona kundi limebaki maua matupu, akabonyeza. Kukatokea maandishi kwamba fulani ameondoka. Mweka hazina wetu, ambaye simu anaijua kwa upande wa kupokea hela tu, alisoma “ameondoka” akatamka innalillahi, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumechanga ya sanda na ya chai ya waombolezaji. Hela ikatumwa kwenye simu ya marehemu, ili mjane aipokee. Marehemu aliipokea mwenyewe. Alikuwa na ada ya shule mbele yake, akaitumia. Ikabidi arudishwe kundini aeleze, na sasa hawezi kuondoka mpaka ailipe. Analipa pole pole sana. Nina shaka kwamba hataki kumaliza.

Watu wanapoona hali hii huniuliza tunang’ang’ania nini. Mke wangu ana jibu lake: mfuko wa misiba. Nimekwisha kuzika wanachama wengi kwa michango yangu, nikitoka leo nani atanirudishia? Ni hoja nzito, na wapo wanaobaki kwa hiyo tu, siwalaumu. Bima nyingi zina masharti mabaya zaidi. Wengine wanabaki kwa kushindwa kuaga. Mswahili kuaga tu mlangoni humchukua saa nzima, sasa aage watu aliowazoea miaka thelathini ataanzia wapi?

Mimi nina sababu nyingine, na sikuifahamu mpaka simu zilipozidi. Siku hizi simu ikilia najua kuna mtu anataka kitu. Mpwa anataka nauli, fundi anataka malipo ya awali, na mgeni kabisa ananiambia ile hela niitume kwenye namba hii. Mama wa Handeni akiipata simu yake kwa mjukuu, ananipigia. Anauliza nimeamkaje. Anauliza mke wangu, mbuzi wangu, na mguu, tena anakumbuka ni mguu gani. Halafu anakata. Mara ya kwanza nilibaki nimeishika simu sikioni nikisubiri ombi lifuate. Halikufuata. Nikaingiwa na wasiwasi, nikampigia mimi kuuliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna, na kwa kuwa nimepiga, sasa anadaiwa yeye, kesho atapiga tena. Ndipo nilipoelewa kwamba huyu mama ananidai kwa raha zake, na mimi namdai, na hakuna kati yetu anayetaka hesabu ikae sawa, kwa sababu ikikaa sawa hatuna la kupigiana.

Hata hivyo, isidhaniwe hatukujaribu kufunga. Mwaka jana katibu, mtu wa taratibu, alileta hoja rasmi kwamba kikundi kivunjwe kwa heshima kabla hakijavunjika chenyewe. Tukafungua katiba, iliyopigwa chapa kwa taipureta na ina harufu ya mende. Inasema kikundi kitavunjwa kwa kura za theluthi mbili ya wanachama walioandikwa daftarini. Tukafungua daftari. Hakuna jina lililowahi kufutwa, kwa kuwa katiba hiyohiyo inataka mwanachama anayetoka aandike barua na kuisaini mwenyewe, na marehemu wetu wote waliondoka bila kuandika. Katibu alipiga hesabu mara mbili. Hata tukihudhuria wote tulio hai, na wagonjwa tukawaleta kwa machela, akidi haitimii. Mzee mmoja aliuliza kama wasiokuwepo wametoa udhuru. Hakutania.

Hoja ikaahirishwa. Kwenye mengineyo mweka hazina alisoma orodha ya wadaiwa wa ada, ikaonekana marehemu ndio wenye malimbikizo makubwa, na mjadala wa namna ya kuwakumbusha bila kuwakera wafiwa ulitupeleka mpaka magharibi. Ikaamuliwa ziandikwe barua. Kazi nikapewa mimi kwa kura zote, kwa hoja kwamba kwa mwandiko wangu hakuna mfiwa atakayezisoma akaudhika.