Sifa za Mwizi wa Sabuni

Asubuhi ya Novemba, ukungu ukiwa bado umelala juu ya vinamasi vya Walungu, Kivu Kusini, mama mmoja anashuka mtoni na beseni la nguo kichwani. Anaweka kipande cha sabuni ya mawese juu ya jiwe, anageuka kukamua shuka. Kunguru anatua. Hana haraka. Anatembea kama mpimaji wa mashamba, hatua tatu mbele, moja kando, jicho hili kwa mama, lile kwa sabuni. Kisha mruko mmoja mfupi, na kazi imekwisha. Mama akigeuka anakuta jiwe tupu lenye unyevu, na juu ya bati la jirani amesimama bwana mmoja mwenye shati jeupe na koti jeusi, sabuni miguuni, akisema "kraa" kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipa.

Atatukanwa kwa Mashi, kwa Kiswahili, na yakizidi kwa Kifaransa. Ndiyo kawaida yake. Bundi anaogopwa, njiwa anaimbiwa kanisani, korongo anapigwa picha, lakini kunguru hajawahi kupata hata neno moja la shukrani katika nchi hii tangu iumbwe. Ni wakati apewe haki yake.

Tuanze na mavazi. Mvua za huku kwetu Bushi huanza Septemba na hazisemi kwaheri mpaka Mei, na wakati huo wote barabara ya Bukavu huwa uji mwekundu. Padri anafika misani na pindo limelowa, mwalimu anaingia darasani na viatu vya rangi mbili, harusi nzima inashuka garini ikiwa imepakwa udongo mpaka magotini. Kunguru peke yake, aliyeshinda jalalani tangu alfajiri, anatokea na kifua cheupe pe, kola nyeupe imezunguka shingo, na weusi wa mabawa unaong'aa kama kiatu cha afisa. Wengi wa wenzake wa Ulaya ni weusi watupu, kama waliofiwa. Huyu wa kwetu amevaa kama anayesubiriwa na bibi harusi. Nani anamfulia, hakuna ajuaye. Sabuni, angalau, tunajua inakotoka.

Watu waliosoma watasema Kivu Kusini ina ndege wa maana kuliko huyu. Ni kweli, na hapo ndipo shida inapoanza. Barabara ya Taifa namba 2 inayotoka Bukavu ikapita Walungu ndiyo inayokwenda Mwenga na Kamituga, na kando yake imeinuka milima ya Itombwe. Huko Kamituga, katika migodi ya dhahabu ya enzi ya Wabelgiji, alifanya kazi Alexandre Prigogine, kaka wa yule Ilya Prigogine aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1977. Mdogo mtu alishughulika na kemia, mkubwa mtu alishughulika na madini, na roho yake yote ikawa kwa ndege. Mwaka 1951 alipatikana Itombwe bundi mmoja ambaye sayansi haikuwa imemwona, akapewa jina la Prigogine. Ilipita miaka 45 kabla ya mwingine kunaswa wavuni, mwaka 1996, akapigwa picha na kuachiwa. Mwaka 1955 alipatikana mpasuasanda, ndege wa usiku, akawekwa kwenye droo hadi mwaka 1990 ndipo mtaalamu Michel Louette akatangaza kwamba ni aina mpya. Mpaka leo anajulikana kwa mzoga ule mmoja.

Tausi wa Kongo naye ana kisa kama hicho. Mmarekani James Chapin aliona unyoya mmoja tu kwenye kofia ya mtu, huko Ituri mwaka 1913, akautunza miaka 23 bila kujua ni wa nani. Jibu hakulipata msituni. Alilipata mwaka 1936 katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, juu ya kabati, ambako ndege wawili waliojazwa pamba walikuwa wamebandikwa jina la tausi wa India.

Ndege wa namna hiyo ni fahari ya taifa, sawa. Lakini mtu wa Walungu atamwonaje? Awe na nauli ya kufika Brussels, au awe na moyo wa kulala msituni usiku, mahali ambapo kila kilima kina watu wenye bunduki na kila bunduki ina bwana wake. Kunguru haombi nauli. Anakuja mwenyewe, saa kumi na mbili na nusu, mpaka uani, na asipoonwa anapiga kelele ili aonwe.

Wapo pia wageni. Ulaya ikiingia baridi, mbayuwayu hushuka kwa maelfu, wakawa wanakata hewa juu ya mashamba ya mahindi na maharage mabondeni, na vindege vya manjano vyenye mikia isiyotulia vikafuata miguu ya ng'ombe. Zamani Wazungu hawakujua ndege wao huenda wapi wakati wa theluji. Wengine walidhani mbayuwayu hulala chini ya matope ya maziwa. Kisha mwaka 1822 korongo mweupe akatua karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, akiwa amechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika, na bado anaruka. Yuko mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock, na mkuki wake. Ujumbe ule ulifika bila stempu. Karibu karne nzima baadaye, Mei 1911, wakili mmoja wa Staffordshire, John Masefield, alimvisha mbayuwayu pete mguuni. Desemba 1912 ndege yuleyule akakamatwa Natal, Afrika Kusini. Kwa hiyo Mwingereza anayezunguka dimbwi la kijiji chake mwezi Januari, pua nyekundu na vidole vimekufa ganzi, akihesabu mabata, anajua kwamba ndege wake wa kiangazi wako upande huu, na kwamba safari yao ilipitia anga la Afrika.

Wageni hawa ni wazuri, tena hawaibi chochote. Ila Machi ikifika wanajipanga kwenye waya, wanazungumza kidogo, kesho yake hawapo. Walungu imezoea. Magari meupe ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, nayo yalikuwa mengi barabarani, na shughuli zake Kivu Kusini zikafungwa mwishoni mwa Juni 2024. Mashirika huja na vibao, vibao vikabaki. Mbayuwayu angalau haachi kibao. Kunguru haendi popote: mvua iko naye, kiangazi kiko naye, na siku watu walipobeba magodoro kukimbia risasi, yeye alibaki akilinda jalala.

Na kuna jambo la darubini. Nchini Uingereza, tangu mwaka 1979, kila mwishoni mwa Januari watu hukaa saa moja dirishani wakihesabu ndege wa bustanini kwa ajili ya chama cha kulinda ndege cha RSPB, chai pembeni. Ni kazi ya amani kabisa. Jaribu kusimama saa moja juu ya kilima cha Walungu na darubini shingoni, hasa tangu Februari 2025 Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23. Kabla hujafika ndege wa tatu utaulizwa unampimia nani, unatumwa na nani, na daftari hilo limeandikwa nini. Jibu la "natazama ndege" halijawahi kumtosheleza mwanaume mwenye bunduki mahali popote duniani. Kunguru ameliona tatizo hili mapema akalimaliza: ana urefu wa karibu nusu mita, rangi mbili zisizochanganyika, na sauti inayofika ng'ambo ya bonde. Anatazamwa kwa macho matupu, kutoka kwenye kigoda, mtu akimenya viazi.

Akitazamwa hivyo, kwa wiki mbili tatu, mambo yake huanza kujipanga. Siku ya soko huijua kuliko mwenye kibanda. Anajua ni mlango upi unaofunguka ukatoa makombo na upi unaofunguka ukatoa jiwe. Kwenye sambaza, wale samaki wadogo, walioanikwa hachukui wa katikati. Huvuta wa ukingoni, mmoja mmoja, ili turubai lisionekane limepungua. Ikumbukwe kwamba sambaza wenyewe ni wageni katika ziwa Kivu, walitolewa Tanganyika wakapandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kunguru hakusubiri semina. Alijifunza chakula kipya bila mfadhili.

Watoto wenye manati wanalalamika kwamba anawatambua. Wasifikiri wanarogwa. Mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, John Marzluff na wenzake, wakiwa wamevaa barakoa ya kutisha, waliwanasa kunguru saba, wakawaachia. Miaka ikapita, kila aliyepita chuoni na barakoa ile alizomewa, tena na kunguru ambao hawakuwahi kunaswa, waliosimuliwa na wenzao. Na mwaka 2002 huko Oxford, Betty, kunguru wa Kaledonia Mpya, alikunja waya ulionyooka akaufanya ndoana ili avute chakula kutoka ndani ya bomba. Ni ukoo uleule. Wakongo wana jina la elimu ya aina hii: Artikle 15, ile ibara isiyoandikwa katika katiba yoyote, inayomwamuru kila raia ajitafutie. Profesa wake wa kudumu amesimama juu ya bati.

London, kwenye ngome ya Tower, kunguru wakubwa wasiopungua sita hutunzwa, wana mtumishi wao, wanaletewa nyama mbichi, kwa sababu inasemwa wakiondoka ufalme utaanguka. Wa Walungu hana mshahara, sawa na walimu wengi aliowahi kuwasikiliza akiwa juu ya paa la darasa. Serikali zimeanguka na kuinuka, yeye hakuulizwa.

Dini nazo zimemtaja kwa heshima kuliko jikoni. Nuhu alimtuma yeye kwanza kutoka safinani, kabla ya njiwa. Njiwa akarudi na jani, akapata sifa zote, kunguru akabaki nje akiendelea na kazi. Kurani inamtaja akifukua ardhi kumwonyesha mwana wa Adamu namna ya kumzika nduguye. Naye nabii Elia, alipojificha kijitoni Kerithi, aliletewa na kunguru mkate na nyama, asubuhi na jioni. Maandiko hayasemi mkate ule ulitoka jikoni kwa nani. Mama wa Walungu wakisoma sura hiyo huwa kimya kidogo.

Sasa mashtaka, maana hayafichiki. Anafukua mbegu za mahindi siku ya pili ya kupanda. Anabeba vifaranga, mwewe naye anabeba, ila mwewe hufanya kwa kasi na watu humsifu kwa kasi hiyo. Anapekua viota vya wenzake. Ni kweli tupu. Lakini naye ana mzigo wake: katika sehemu nyingi za Afrika kekeo mwenye madoa hutaga ndani ya kiota cha kunguru huyu, na mwizi mkubwa wa kijiji akajikuta analea mtoto wa mtu, anamlisha mpaka anaruka.

Tena asichanganywe na binamu yake wa pwani. Yule mwenye shingo ya kijivu aliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Alikula takataka, akaona hazimtoshi, akala na ndege wengine, kisha akavuka bahari. Mombasa na Dar es Salaam amekuwa balaa, na mwenyeji mwenye kifua cheupe amesukumwa pembeni katika miji yake mwenyewe. Mwezi Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza nia ya kuwaua milioni moja kabla ya mwaka kwisha, kwa sumu. Kunguru wa Walungu hakuletwa na gavana yeyote. Alikuwepo. Akiiba, anaiba kwao.

Saa tisa alasiri wingu linashuka kutoka upande wa Kaniola. Kunguru wanaanza kuhamia kwenye mikaratusi, wawili wawili, wakipiga kelele kama abiria wanaogombea viti. Yule wa asubuhi anaidonoa sabuni mara ya mwisho. Amekula pembe moja, pale mawese yalipokolea. Zilizobaki ni alama za mdomo, kama maandishi ya karani. Anaiacha bati­ni na kuruka.

Mvua inapiga. Maji yanateremka kwenye migongo ya bati, yanapita juu ya sabuni, yanaingia kwenye mfereji. Chini, mama mwenye nyumba ametega ndoo ya kukinga maji ya kupikia. Inajaa hadi nusu, kisha inaanza kutoa povu.