Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Mkanda

Kwa Wakuu wa Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee,
Baltimore, Maryland, Marekani.

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi kwa umakini wenu. Mgonjwa mwenye mpira wa mkojo hufungiwa mfuko mguuni kwa mikanda, nanyi mmeiainisha mikanda hiyo kama vito vya kifalme. Katika namba zenu za malipo, uliotengenezwa kwa mpira ni A5113. Wa sponji au kitambaa ni A5114. Yote hulipiwa pale tu inapokuwa ya kubadilishia, kwa sababu ya kwanza huja na mfuko. Mkanda unaoshikilia mpira wenyewe usichomoke, kwenye mguu uleule, ni A4334, na ole wake muuzaji atakayeudai kwa namba ya jirani yake.

Mtasema bila kanuni hizi fedha za umma zingeliwa. Sawa, na mgonjwa, ambaye kwa kawaida hubeba asilimia 20 ya gharama, angependa zilindwe kuliko mtu yeyote. Ila zimelindwa dhidi ya nani? Juni 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitangaza kesi ya mtandao ulionunua makampuni ya vifaa tiba, ukatumia utambulisho ulioibwa wa Wamarekani zaidi ya milioni moja, na kuwasilisha madai ya dola bilioni 10.6, yakiwemo ya mipira ya mkojo. Mwizi hapati taabu na namba zenu. Ana muda wa kuzikariri. Anayebabaika nazo ni ajuza ambaye mkanda wake umelegea, na mfuko uliojaa unamteremkia hadi kifundoni.

Mtajibu kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo mliizuia kabla haijatoka. Hongera, lakini jibu hilo linawasuta wenyewe: dai linaweza kuwa safi kila herufi na bado likawa la uongo, kwa sababu namba hueleza kifaa tu, haithibitishi kwamba kuna mtu aliyekipokea. Basi ukali mnaoumalizia kwenye mkanda uhamishieni kwa kampuni iliyobadilisha mmiliki juzi na leo ina wateja lukuki. Kisha mpigieni mgonjwa simu. Akisema hakuagiza kitu, msilipe. Akisema mkanda umekatika, mpeni mwingine, wa mpira au wa kitambaa.

Wenu mtiifu, kwa namba yoyote mtakayonipangia.