Sifa za Amri Isiyopatikana

Wanaokuja Gatumba, Burundi, husifu samaki mukeke wa kuchoma, na wenye moyo husifu hata viboko wa mto Rusizi, mradi wawe ng'ambo. Mimi nausifu ule ujumbe wa seva usiosifiwa na yeyote: amri git-upload-pack haipatikani.

Kwanza hauli bando. Ukivuta msimbo kutoka seva ya mbali kwa SSH, Git yako huingia kwa ufunguo, kisha huiomba seva iendeshe git-upload-pack. Ujumbe wetu hutokea papo hapo, kabla faili hata moja haijashuka. Nani mwingine atakunyima kwa bei nafuu hivyo?

Halafu una heshima zake, kama afisa wa mpakani anayekuuliza kwenu wapi ilhali anakujua. Programu ipo! Umeiweka mwenyewe kule kule, kwenye folda yako. Ila aliyetumwa kwa amri moja tu hasomewi faili ya .profile, na njia ya kufikia folda hiyo imeandikwa humo. Basi seva inaapa haijui kitu, na Git inaongeza chumvi: hakikisha una ruhusa, hakikisha ghala lipo. Watu hapo hutengeneza funguo mpya, hufuta known_hosts, huilaani kampuni ya simu. Ufunguo masikini hauna kosa lolote. Bila huo hata usingefika pa kukataliwa.

SSH iliandikwa na Tatu Ylönen huko Ufini mwaka 1995, baada ya wezi kunasa manenosiri kwenye mtandao wa chuo chake. Git ikaletwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Wote Wafini. Sidhani walimfikiria mtu wa Gatumba ambaye Rusizi ikifurika, kama mwaka 2020 na 2024, kwenda kazini mjini ni shughuli, na seva ndiyo ofisi pekee isiyoingia maji.

Dawa ipo, na ni fupi kiasi cha kuudhi: git config remote.origin.uploadpack, kisha njia kamili ya programu ilipo kwenye seva. Msimbo unashuka. Unatabasamu, unarekebisha mistari miwili, unasukuma kazi yako irudi, na seva inakujibu kwa upole ule ule kwamba git-receive-pack haipatikani.