Moto Ukizuka, Mtumeni Mkaguzi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Zimamoto wa Kaunti zote 47,

MINTARAFU: GARI LINALOFIKA JIVU LIKIWA LIMEPOA

Kwa heshima na taadhima, wachuuzi, wapangaji, mafundi na wazazi wa nchi hii wanawasalimu. Wanatumai barua hii itawakuta buheri wa afya, magari yenu yakiwa yameoshwa yakang'aa na ving'ora vikiwa vizima. Ving'ora, kwa kweli, havijawahi kuwa na kasoro. Husikika kutoka mbali, vikija taratibu, na kila anayevisikia hujua kwamba huko viendako kumebaki mabati yaliyojikunja na vijana wanaookota misumari.

Hakuna anayelaumu. Wananchi wanajua kwamba Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliikabidhi kaunti kazi ya kuzima moto, na kwamba kukabidhiwa kazi ni jambo moja na kutengewa fedha ni jingine. Wanajua habari za msongamano wa magari na za vibanda vilivyoziba njia. Maelezo hayo wameyasikia mara nyingi kiasi kwamba watoto wao wanaweza kuyatoa mbele ya waandishi wa habari bila kusoma karatasi. Kinachowatatiza ni mtu mmoja tu, naye mnamjua vizuri.

Ni mkaguzi wa cheti.

Mkaguzi wa cheti cha zimamoto hapotei njia. Duka likiwa nyuma ya kinyozi, kando ya choo cha kulipia, kwenye kichochoro kisicho na jina wala nambari, atalifikia. Hufika asubuhi, mandazi ya kwanza yakiwa bado kwenye karai, kitabu cha stakabadhi kwapani. Msongamano wa Barabara ya Landhies haumchelewishi. Huuliza mtungi mwekundu uko wapi, huushika shingoni, hukigeuza kile kijikaratasi kilichofungiwa hapo, na tarehe ya ukaguzi ikiwa imepita jana, huiona jana hiyo hiyo. Nairobi imekichanganya cheti hicho na leseni ya biashara na ada nyingine ili mwenye duka alipe yote kwa mkupuo. Hata kwa mabadiliko hayo, mkaguzi hakupotea.

Ombi la kwanza, ambalo wananchi wamelitafakari kwa kina, ni hili: moto ukizuka, gari la zimamoto libaki kituoni lipumzike, na badala yake atumwe mkaguzi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Mwenye duka akiona moshi, asipige simu kusema kuna moto, maana neno hilo limezoeleka na halimwinui mtu kitini. Apige simu aseme kwa sauti ya chini, kama jirani mwenye kijicho, kwamba kuna mtu hapa anafanya biashara bila cheti. Hata hajamaliza kutoa marobota ya mitumba, mkaguzi atakuwa amefika na wenzake wawili, askari wa kanjo wakimfuata na lori la kubebea mali.

Akishafika, afanye anachokijua. Auombe moto leseni. Auulize ni nani aliyeuruhusu kufanya kazi usiku, na mbona umepanua shughuli zake hadi kwa jirani bila kulipia nafasi ya ziada. Apime eneo kwa macho, aandike faini, aupe notisi ya siku saba. Moto ukileta ubishi, abandike karatasi na kuufungia kufuli. Wako wafanyabiashara nchini waliowashinda polisi, wakaishinda na mahakama, lakini bado hajaonekana aliyelishinda kufuli la kaunti. Na kama moto utataka mambo yazungumzwe pembeni, nyuma ya duka, bila stakabadhi, hilo nalo lina bei yake na mkaguzi anaijua.

Maombi mengine ni madogo madogo. Gari likitoka kituoni bila maji, king'ora kizimwe, watu wasije wakatumaini bure. Sherehe za kuzindua magari mapya zifanyiwe katika soko la Gikomba, Nairobi, saa nane usiku, ili wageni waalikwa nao waione njia. Wauza maji wa mikokoteni wapewe sare na kofia ngumu, kwa kuwa kazi tayari wanaifanya. Na wajumbe wanaokwenda ng'ambo kujifunza uzimaji moto warudi angalau na ndoo.

Ndoo zina heshima yake katika historia ya nchi. Asubuhi ya 7 Agosti 2013, jumba la abiria wanaowasili katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta liliteketea, na dunia nzima ikatazama maafisa waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Lile lilikuwa lango kuu la kuingilia nchini. Muuza viatu wa Gikomba aliyeziona picha zile hakuhitaji kuambiwa yeye ni wa ngapi kwenye foleni.

Gikomba yenyewe, waheshimiwa, iko ukingoni mwa Mto Nairobi. Soko linaloungua mara kwa mara kuliko pengine lolote nchini limepakana na mto. Usiku wa kuamkia 28 Juni 2018, moto wa hapo uliua watu 15. Tangu siku hiyo soko limeungua tena na tena. Kila mara uchunguzi huahidiwa, kila mara vibanda husimamishwa upya kwa pesa za mkopo, na kabla mbao mpya hazijaacha kunuka utomvu, mkaguzi huyo hapo, anauliza mtungi uko wapi.

Kumi na watano. Kuna aliyeulizwa? Kuna mkuu hata mmoja aliyesimama pale sokoni akawaambia wenye wafu wao ni wapi maji yalikosekana, ni nani alipaswa kuyaweka, na atafanywa nini?

Na usiku wa 5 Septemba 2024, moto wa bweni uliwaua wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Nchi ilikuwa imekwisha kuwazika wanafunzi 67 wa shule ya Kyanguli, waliouawa na moto wa bweni mwaka 2001. Mwongozo wa usalama shuleni wa 2008 unataka milango ya bweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Wazazi wangependa kujua ni mabweni mangapi ambayo wakaguzi wenu walisukuma milango yake kwa mkono mwaka ule wa Endarasha, na ni maduka mangapi waliyoyaingia. Bweni halina droo ya pesa.

Waandishi wa barua hii wanaomba radhi. Sauti ilipanda kidogo.

Wangependa pia kuwaombea vijana wenu wanaopanda gari. Umati hupiga kelele kwamba gari limekuja kavu, na mawe huanza kuruka. Lakini gari linaweza kuja limejaa na bado likaonekana kavu: tangi la lita 4,000, mpira ukitema lita 1,000 kwa dakika, huisha kwa dakika 4. Baada ya hapo kijana anahitaji bomba la zimamoto la barabarani. Analitafuta na tochi. Bomba lilifukiwa lami ilipomwagwa, au lipo lakini halina tone, au limejengewa ghorofa ambayo ramani yake ilipita kwenye meza ya idara yenu ikagongwa muhuri. Basi kijana hugeuza gari aende kutafuta maji kwingine, na mwenye duka huliona gari likiukimbia moto. Jiwe linavunja kioo cha mbele na kumpata aliyeketi nyuma yake, na huyo hana ofisi, hana muhuri, na mara nyingine hana hata glavu za maana. Jiwe lilikusudiwa ghorofani kwenu, ila lifti ilikuwa mbali.

Mwisho, jambo lisilo na mzaha. Makadirio ya bajeti ya kaunti hutakiwa kufika kwenye bunge la kaunti kufikia 30 Aprili kila mwaka. Kabla ya siku hiyo, kila mmoja wenu atoe orodha ya mabomba ya zimamoto yaliyo katika kaunti yake: kila bomba lipo wapi, lina maji au halina, lilifunguliwa mara ya mwisho lini, na ni afisa gani aliyelifungua kwa mkono wake. Orodha ibandikwe kwenye lango la kila soko na kwenye ubao wa kila shule ya bweni, ikiwa na sahihi ya mkuu mwenyewe. Gharama yake ni karatasi, gundi na spana.

Wenu watiifu,

Walipa ada wa kila mwaka. (Vyeti vimeambatishwa, na stakabadhi zake.)