Sifa za Neno la Ziada

Washairi wamewasifu masultani na majemadari, na waandishi wakawaenzi mashujaa wa kila zama. Lakini neno la ziada, mtumishi dhalili asiyekosekana katika hotuba, barua ya serikali wala taarifa ya mkutano, hapana aliyelifanyia insafu hata leo. Naona ni aula nililipe haki yake.

Fadhila yake ya kwanza ni ukarimu. Asemaye kwamba mgeni alifika amesema kweli, lakini ameisema kibahili. Neno la ziada humfanya mgeni yule yule aweze kufika, na mtu akilirudia jambo humtaka alirudie tena, na akikwea mnazi humhimiza akwee juu, asije akadhaniwa anakwea kwenda chini. Kwa hisani yake bei ya sukari hugeuka kuwa suala zima la bei ya sukari, na ijapokuwa sukari yenyewe haizidi hata ratili moja, sentensi hunenepa.

Fadhila ya pili ni sitara. Karani aliyepoteza faili, akiandika kwamba amelipoteza, ataulizwa. Bali akiandika kwamba kumekuwepo na hali ya kutoonekana kwa faili hilo katika kipindi cha siku za hivi karibuni, hapana mwenye kosa, na faili limejipoteza lenyewe.

Mahasidi hawakosi. Telegramu, ambayo posta iliitoza kwa hesabu ya maneno, ilimfundisha kila mwenye kipato haba kuarifu msiba kwa maneno machache, na jamaa wakafika matangani vilevile. Shairi ni hasidi mkubwa zaidi: mshororo wa mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao, haumpi nafasi asiye na kazi, na malenga akibanwa huona heri alifupishe neno kwa inkisari kuliko kuiharibu mizani.

Fadhila ya tatu, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, ni upole: ukilifuta halilalamiki, wala maana haipungui, jambo ambalo maneno yenye kazi, kwa kiburi chao, hayakubali kamwe. Basi, ndugu msomaji, ukitaka barua yako iwe ndefu, lishike kwa mikono miwili. Ukitaka isomwe hadi tamati, lifute kabla hujaitia katika bahasha.