Mwulize Mjomba Spana: Benzi Haizimiki, Mume Haambiliki

Wiki hii karibu barua zote zimetoka kwa wenye W123, ile Benzi iliyozinduliwa mwaka 1976 ikaendelea kuundwa hadi katikati ya miaka ya 1980. Wakati wake ilibeba mabalozi na wakurugenzi. Sasa iko mikononi mwa wajukuu wanaoota kuifunga injini ya Toyota. Mjomba anajibu kwa upendo, upole tusiahidiane.

Nimezima, inaunguruma

*Shikamoo Mjomba. Nimerithi 200D ya marehemu baba. Nikizima swichi, injini inaendelea kuunguruma. Nashuka, nafunga geti, bado inaunguruma. Majirani wanasema mzee hajaridhika na mirathi ilivyogawanywa. Fundi anasema injini imekwisha, nifunge ya Mark II. Nimwamini nani? – Mrithi, Tabata*

Marahaba. Usimwamini hata mmoja. Marehemu kapumzika, ni hewa tu inavuja, na huenda inavujia mlangoni.

Injini ya dizeli haina cheche za kukatiwa umeme. Ili izimike lazima inyimwe mafuta, na W123 inafanya hivyo kwa mvuto wa hewa. Kuna pampu mbele ya injini inayonyonya hewa. Ukizima swichi, mvuto unafika kwenye kiwambo kilichopo kwenye pampu ya nozeli na mafuta yanakatika. Mvuto huohuo unasaidia breki, na kama gari lako lina kufuli za pamoja, ndio unaofunga milango. Kipira kimoja kikipasuka ndani ya mlango, mvuto unapungua na injini inagoma kulala.

Chomoa mpira unaokwenda kwenye kufuli, ziba tundu, kisha zima. Ikizimika, kagua milango mmoja mmoja. Isipozimika, tazama mpira wa kahawia unaotoka kwenye swichi: ukikuta oili ndani, kiwambo kimepasuka. Kwa leo fungua boneti ubonyeze kiwiko kilichoandikwa STOP. Wajerumani walijua siku hii itafika.

Fundi naye mwambie apime kompresheni. Injini kama yako ikiwa nzima husoma bar 22 hadi 24 kwa kila silinda. Ikishuka kuelekea 15 ndipo tuchange mchango wa msiba. Anayetaka kuing'oa bila kupima keshapata mteja wa spea.

Injini iko sebuleni

*Shikamoo Mjomba. Mume wangu alinunua bodi ya W123, akaipandisha juu ya matofali. Kila mwisho wa mwezi "bado kitu kidogo tu". Sasa ameleta injini ya Toyota, 1JZ, iko sebuleni, ameifunika kitambaa cha kufuma. Wageni wanawekea vikombe juu yake. Nifanyeje? – Mama Watoto, Mbezi*

Marahaba, mwanangu. Kwanza ondoa vikombe. Chai ikiingia kwenye tundu za hewa utapewa wewe lawama zote za miaka iliyopita.

Mumeo ameanzia mwisho, kama wengi wao. Subiri akiwa anakula, umuulize taratibu. Je, kutu imekwanguliwa chini ya betri, kwenye sehemu za kuwekea jeki na kwenye shimo la tairi la akiba, au imepakwa puti? Je, amejaribisha sampu ya Toyota juu ya krosimemba ya Benzi kuona kama inakaa, kabla hajachomelea mauntini? Je, kontroli boksi ilikuja na waya zake zote, au zilikatwa kwa kisu huko ilikotolewa? Akijibu vizuri, mvumilie. Akianza kukuhesabia nguvu za farasi, hamishia ada ya watoto kwenye akaunti nyingine.

Mita haipandi

*Shikamoo Mjomba. Nimefunga 1JZ-GE, silinda sita, mashine inaita. Mita ya joto haijawahi kufika hata katikati, nikawa natamba kwamba rejeta ya Mjerumani ni kiboko. Juzi kwenye foleni ya Mwenge boneti ikafuka mvuke, mita iko palepale. – Mashine Inaita, Mbagala*

Marahaba. Mita ni ya Benzi, sensa ni ya Toyota, na hazijawahi kutambulishwa. Mita hiyo hutafsiri ukinzani wa umeme unaotoka kwenye sensa, na kila kampuni ina kipimo chake. Tafuta fundi wa kerezo akuchongee adapta, ufunge sensa ya Benzi kwenye njia ya maji ya injini mpya. Ya Toyota iache ilipo, kontroli boksi inaihitaji.

Thamostati ipo? Nilijua. Iling'olewa "ili injini ipoe". Bila hiyo, barabarani injini inabaki baridi kupita kiasi, kontroli boksi inadhani ndiyo kwanza asubuhi, inamwaga petroli kwa ukarimu. Irudishe, tia kulanti badala ya maji ya bomba, kwa sababu hedi ni ya aluminiamu na inaliwa. Na kabla hujarudi Mwenge, mwambie fundi apime kama gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Ikiwa inaingia, gasketi imeshakwenda.

Breki imekuwa ngumu

*Ndugu mshauri, mimi ni mwalimu mstaafu. Kijana wangu ameitoa injini ya 240D yangu, akaweka ya petroli. Gari linakimbia kweli, ila kulisimamisha natumia miguu yote miwili, na milango haijifungi tena. Kijana ananiambia nitazoea. – Mwalimu, Moshi*

Shikamoo Mwalimu. Usizoee, na gari lisitoke getini.

Rudi kwenye barua ya Mrithi. Ile pampu ya mvuto ilikuwa imefungwa kwenye injini ya dizeli, nayo imeondoka pamoja nayo. Injini ya petroli ina mvuto wake kwenye manifoldi ya hewa: uchukuliwe hapo kwa mpira mnene, upite kwenye vali ya njia moja, hadi kwenye sevo ya breki. Kufuli nazo zichepushwe kutoka hapohapo. Baada ya hapo muulize kijana tenki lilisafishwaje, na kama mipira ya mafuta inahimili presha ya pampu ya petroli. Akinyamaza, mrudishe dawati la mbele.

Jambo moja la karatasi: kadi ya gari ina namba ya injini. Kama imebadilika, TRA wajue kabla trafiki hajajua.

Inatetemeka ikifika 80

*Mjomba shikamoo. W123 yangu imefungwa injini ya Toyota. Mpaka 70 natulia, nikifika 80 kioo cha ndani hakionyeshi kitu kwa mtetemo. Nikipita hapo injini inapiga kelele tu, mwendo hauongezeki. – Dereva Mwoga, Arusha*

Marahaba. Wewe una magonjwa mawili. Propela ya Benzi hushikana kwa diski ya mpira, ya Toyota kwa krosi. Bila shaka fundi alikata zote mbili akachomelea nusu kwa nusu kwa kukadiria kwa macho. Ipelekwe ikasawazishwe kwenye mashine, na pembe ya giaboksi na ya difu zipimwe pamoja. Diski ya mpira ikiwa na nyufa, itupe.

Kelele inatoka kwenye difu. Kama gari lilizaliwa 200D, difu yake ilikusudiwa injini ya farasi 60 hivi, isiyo na haraka. Tafuta ya 280E, ina uwiano mrefu zaidi. Ukipata na breki zake, chukua.

Majibu ya haraka

*Niiuze injini ya zamani kama chuma chakavu?* Usiiuze. Ipake oili, ifunge turubai. Atakayekuja kununua gari ataiulizia.

*Je, W123 inaweza mashindano?* Mwaka 1977 magari ya 280E yalishika nafasi ya kwanza na ya pili katika mbio za London hadi Sydney. Yalitumia injini za Benzi.

*Mjomba, wewe unaendesha nini?* Swali halihusiani na mada.

Hukumu ya wiki: katika barua zote hizi hakuna injini hata moja iliyothibitika kuwa mbovu. Kilichokosekana ni kipira, sensa, vali na vipimo. Kwa hiyo mpwa wangu, kabla hujatuma pesa ya injini, mlipe fundi apime iliyopo na akuandikie alichokuta. Asiyetaka kuandika, mmwage.