Baiskeli Isiyojua Kupumzika

Baiskeli isiyo na friwili ni ile ambayo gia yake ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye habu. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedeli nazo huzunguka, mpandaji atake asitake. Kwenye baiskeli za kawaida, friwili ndiyo inayotoa ule mlio wa tik-tik mteremkoni, miguu ikiwa imetulia na shati likipepea. Hapa mlio huo haupo, na utulivu huo pia haupo. Pedeli zikirudishwa nyuma, baiskeli nayo hurudi nyuma. Baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wa chekechea, yenye pedeli kwenye gurudumu la mbele, hufanya kazi vivyo hivyo, ila mtoto hajawahi kuteremka nayo mlima akiwa amechelewa kazini.

Hadi friwili ilipoenea, karibu na mwaka 1900, baiskeli zilikuwa hivyo tu na hakuna aliyeona ajabu. Baadaye zilibaki hasa kwenye viwanja vya mbio, na huko bado zinatawala, tena bila breki, kwa sababu mshindani anayepunguza mwendo ghafla huangusha kundi zima lililo nyuma yake. Eddy Merckx wa Ubelgiji alipokwenda kilomita 49.431 kwa saa moja mjini Mexico City mwaka 1972, alitumia chombo cha aina hii. Wajapani wana mbio zao za keirin, zilizoanza Kokura mwaka 1948, ambazo watazamaji huzichezea kamari. Kutoka viwanjani baiskeli hizi zilihamia mikononi mwa matarishi wa New York waliopeleka bahasha maofisini. Hawa walizipenda kwa hesabu nyepesi: kisichokuwepo hakiharibiki, wala hakiibiwi.

Kuiunda si kazi ngumu, lakini ina mitego yake. Inatakiwa fremu ambayo mipasuo ya kuingizia ekseli ya nyuma imelala, ili gurudumu liweze kuvutwa nyuma na kukaza cheni. Fremu za zamani nyingi zinafaa. Hata zile nzito nyeusi zinazobeba maziwa na mkaa vijijini Afrika Mashariki zina mipasuo ya namna hiyo. Fremu za kisasa zenye mipasuo iliyosimama hazifai, na kwa kawaida mwenye nayo hulitambua hilo baada ya kuipaka rangi.

Mtego mkubwa upo kwenye habu. Gia hufungwa kwa hesi ya kawaida, kisha juu yake huja ringi ya kufungia yenye hesi ya kinyume, inayokazwa kwa kuzungushwa kushoto. Sababu yake ni ya busara: mguu unaporudisha pedeli nyuma, gia hutaka kufunguka, na kila inavyotaka kufunguka ndivyo inavyozidi kuikaza ringi. Asiyejua hilo huikaza kulia kwa nguvu zake zote, huku ringi ikizidi kulegea, kisha humlaumu aliyemuuzia. Yupo pia anayefunga gia kwenye habu ya friwili isiyo na nafasi ya ringi, akaamini kuwa grisi na dua vitatosha. Huyu huenda mbele vizuri kabisa. Siku anapotaka kusimama kwa kuzuia pedeli, miguu yake hurudi nyuma kwa ulaini wa ajabu, na baiskeli huendelea na safari yake.

Halafu kuna cheni. Isikazwe mno wala isilegee. Katikati iweze kupanda na kushuka karibu sentimita moja. Ikilegea sana huruka, na cheni iliyoruka ama huondoa uwezo wote wa kuzuia kwa miguu, ama hujisokota na kulikaba gurudumu. Fundi mgeni huvuta gurudumu nyuma, hukaza nati ya kulia kwa spana namba 15, na kugundua kuwa tairi limeegemea mkono wa fremu. Hulegeza, hunyoosha tairi, na cheni inalegea. Hukaza cheni, na tairi linapinda. Jioni nzima inaweza kwenda hivyo. Dawa ni kukaza upande mmoja, kulisukuma tairi upande wa pili, kukaza, kisha kurudia kidogo kidogo, gurudumu likitembezwa nyuma hatua kwa hatua. Na hata baada ya hapo cheni hukaza hapa na kulegea pale, kwa kuwa gia ya mbele ni nadra kukaa katikati barabara.

Hesabu ya meno nayo ina ucheshi wake. Gia ya meno 48 mbele na 16 nyuma hulizungusha gurudumu mara tatu kamili kwa kila mzunguko wa pedeli. Kijana anayependa kuserereka kwa kulikaba gurudumu, akitanguliza mguu uleule kila mara, atalikwangua tairi mahali palepale hadi tyubu ichungulie. Akiongeza jino moja tu nyuma, yawe 17, sehemu za kulika huwa 17, na tairi hudumu. Wengi hujifunza hesabu hii dukani, wakinunua tairi la pili.

Kuipanda huanza na kunyanyua. Pedeli ikiwa imekaa vibaya haiwezi kurudishwa kwa kidole cha mguu. Lazima gurudumu la nyuma liinuliwe kwanza. Mgeni hulikumbuka hilo taa ikishageuka kijani, magari yakimpigia honi nyuma. Kisha huja lile kosa ambalo hakuna anayelikwepa: kusahau na kupumzisha miguu. Kwa gia ya 48 na 16, mwendo wa kilomita 40 kwa saa unataka pedeli zizunguke zaidi ya mara 100 kwa dakika. Mguu ukigoma, pedeli humnyanyua mwenyewe kutoka kwenye kiti na kumwonyesha mandhari. Kwenye kona kali, pedeli ya ndani hugonga lami kwa sababu haikubali kusimama juu. Mguu wa suruali ukishaingia kwenye cheni, hakuna kusimamisha pedeli kwanza. Cheni hula kitambaa kwa utaratibu hadi baiskeli yenyewe isimame. Kanzu ibaki nyumbani.

Ajali isiyo na kichekesho ni moja: kufuta cheni kwa kitambaa huku gurudumu likizunguka. Gia hukamata kitambaa na kidole pamoja, na haina friwili ya kuviachia.

Mbona basi watu huipenda? Kwa ukimya wake, kwanza. Hakuna mlio, hakuna nyaya za gia, na mtu huijua kasi yake kwa nyayo badala ya kutazama kipimo. Kwenye barabara yenye unyevu, miguu huhisi tairi linapoanza kuteleza kabla halijateleza. Vilabu vya baiskeli vya Uingereza viliitumia majira ya baridi kuwafundisha wanachama kuzungusha miguu kwa ulaini. Aliyezoea anaweza kusimama wima kwenye taa bila kukanyaga chini, akisogea mbele na nyuma kidogo, jambo lisilo na faida yoyote ila humpendeza sana mwenye kulifanya.

Anayetaka kujaribu atafute habu ya pande mbili, gia iliyofungwa upande mmoja na friwili upande wa pili, ili siku ya mlima mrefu aligeuze gurudumu. Afunge breki ya mbele pia. Kanuni za Uingereza za mwaka 1983 zinaidai, na magoti yanaidai zaidi. Na mguu wa kulia wa suruali ukunjwe kabla ya kupanda.